Gari Lenye Dhamana na Kisanduku cha Siri

Wapo ndugu kati yetu, hasa vijana, wanaouliza jambo hili huku wakicheka, na kicheko chenyewe kinatuonyesha kwamba dhamiri imeshaanza kusema. Ukinunua gari jipya lenye turbo, ukalifungia kifaa kidogo cha kuongeza nguvu, kisha ukakichomoa asubuhi ya kulipeleka gereji ya kampuni, je, umetenda dhambi au umetumia akili? Sisi tunaoabudu kwa Kiswahili hapa Marekani tumelikuta swali hili ugenini. Nyumbani wengi wetu tulizoea magari yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika, yasiyo na dhamana nyingine ila neno la dalali na sikio la fundi wa mtaani. Huku mtu anatoka kwa muuzaji na gari ambalo kampuni imeahidi kulitengeneza bure, mara nyingi kwa miaka 3 au maili 36,000, na injini na gia kwa miaka 5 au maili 60,000. Asiyeahidiwa kitu hana cha kuficha. Jaribu limekuja pamoja na ahadi.

Tukieleze kwanza kifaa chenyewe, maana ukijua kinavyofanya kazi utaona kwa nini swali hili si la mafundi peke yao. Turbo ni kama feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini kwa mgandamizo. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na injini ndogo inatoa nguvu ya injini kubwa. Sensa inapima mgandamizo huo na kuipa taarifa kompyuta ya injini, nayo kompyuta inaamua kuongeza au kupunguza. Kisanduku tunachokizungumzia kinachomekwa katikati ya njia hiyo ya taarifa. Tuseme sensa imepima 10. Kisanduku kinaiambia kompyuta kwamba ni 8. Kompyuta inaona hewa haijatosha, inaruhusu nyingine iingie. Dereva anakanyaga, mgongo unabanwa kwenye kiti, anatabasamu. Vipo visanduku vyenye ufundi mwingi kuliko huu, lakini msingi ni huo: anayeamua apelekewe taarifa isiyo ya kweli ili atoe kile ambacho, akijua ukweli, asingekitoa.

Tusiende mbio hapa. Kompyuta si jirani yetu. Mkulima anayesimamisha sanamu ya matambara shambani hajawashuhudia ndege uongo kwa maana ya ile amri ya Musa, na mwenye gari hajaikosea haki sensa yake. Wahubiri wanaotaka kuiona dhambi ndani ya waya wenyewe wanajipatia ushindi rahisi, nasi hatuwafuati huko. Wala hatuoni ubaya kwa kijana kupenda gari lenye mbio. Wapo wanaotumia fedha nyingi zaidi kwa harusi ya siku moja.

Tena mwenye gari ana hoja nzuri. Anasema: injini hii nimeinunua, na nguvu hii imo ndani yake tayari. Kwa sehemu anasema kweli. Kampuni za magari huuza injini ya namna moja katika magari mawili, moja likipewa nguvu kidogo na jingine nyingi, na kisha injini huachiwa nafasi ya usalama. Wahandisi hawajui gari litauzwa kwenye joto la Arizona au baridi ya Minnesota, kama mwenyewe ataweka petroli iliyopendekezwa au ya bei rahisi, kama atabadilisha oili kwa wakati au atasahau. Basi wanaweka akiba. Kisanduku kinaitumia akiba hiyo. Magari mengine yanavumilia miaka. Mengine yanapata joto kupita kiasi, mafuta yanaungua kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, na pistoni au turbo inalipa gharama.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Anania. Tumezoea kuhubiri habari yake katika Matendo ya Mitume kama kisa cha mtu mchoyo, lakini Petro hakumlaumu kwa uchoyo. Alimkumbusha kwamba kiwanja kilikuwa mali yake kabla ya kukiuza, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa chini ya uwezo wake. Angeweza kuleta nusu na kusema ni nusu, asiguswe na mtu. Kilichomwangusha ni kuweka sehemu miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Mwenye gari naye hana wa kumzuia. Gari ni lake, kisanduku ni chake, na akivunja injini yake mwenyewe na kuilipia mwenyewe, hilo ni jambo lake na fundi wake (isipokuwa kifaa kinapoharibu mfumo wa kuzuia moshi mchafu, huko sheria ya nchi hii inakataza, na jirani anayeivuta hewa hiyo hajaulizwa). Swali linaanza siku turbo inapokufa, naye anakichomoa kisanduku, anakiweka kwenye droo ya soksi, na kwenda kaunta kusema, “Sijui imekuwaje.”

Lugha yetu inatusaidia hapa. Neno hilihili dhamana ndilo tunalolitumia mahakamani, pale mtu anaposimama na kusema: mwachieni huyu, akikimbia nitalipa mimi. Kitabu cha Mithali kinatuonya mara kadhaa tusiwe wepesi kumdhamini mtu tusiyemjua, kwa kuwa mdhamini anaweka mali yake rehani kwa ajili ya mwenendo wa mwingine. Kampuni iliyotoa dhamana ya gari imefanya hivyo. Imeisimamia injini inayoijua, iliyoipima, yenye mgandamizo iliouchagua yenyewe. Anayefunga kisanduku kimyakimya na bado akaidai dhamana ni kama mtu aliyechukuliwa dhamana ya ndugu mmoja akampeleka mwingine kizimbani. Chuma ni mali ya mnunuzi, lakini ahadi ilitolewa na mwingine kwa masharti aliyoyataja, na hatuwezi kuinunua upya kwa masharti yetu bila yeye kujua. Akiambiwa akakubali, ni sawa. Akiambiwa akakataa, ni haki yake. Asipoambiwa, ametumwa kubeba hatari ya mtu mwingine gizani.

Watu wakifika hapa husema: kampuni ni tajiri, haitaona pengo. Tunawaomba wamtazame fundi kwanza. Katika gereji nyingi za wauzaji wa magari hapa Marekani fundi halipwi kwa saa alizosimama. Kila kazi imepangiwa muda wake, akizidisha, ziada ni hasara yake. Anapokea gari linalokosa nguvu na kutikisika. Anasoma kumbukumbu za kompyuta, nazo hazielezi, kwa kuwa kompyuta yenyewe ilikuwa ikipewa habari za uongo. Anafungua mabomba, anabadilisha sensa nzima, anajaribu barabarani, anarudi. Anatafuta kitu ambacho kiko kwenye droo nyumbani kwa mtu. Kampuni nayo hukagua madai ya dhamana, na ikiona dai halikustahili inaweza kuzirudisha fedha zake kutoka kwa muuzaji. Katika safu hiyo ya watu, kutoka mwenye hisa hadi mwenye spana, mzigo hauna desturi ya kukaa juu. Wako wanaolishwa na kazi ya spana katika usharika wetu.

Hatusemi haya kana kwamba kampuni ni watakatifu. Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua wakati gari linapopimwa. Ikipimwa, gari lilitoa moshi mdogo, likirudi barabarani lilitoa mwingi kupita sheria. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Angalieni jinsi hila hiyo inavyofanana na ya kisanduku chetu: anayepima apewe taarifa moja, barabara ipewe nyingine. Wengi waliolaani jambo hilo, nasi tukiwamo, walikuwa na haki ya kulaani. Lakini kama laana ile ilitokana na kupenda ukweli, haiwezi kugeuka ruhusa sisi tunapokuwa ndio wenye programu.

Yako pia malalamiko ya haki kutoka upande wa wenye magari. Wapo wahudumu wanaoona kifaa kisicho cha kampuni na kufuta dhamana yote kwa mdomo, hata kama kilichoharibika ni mota ya dirisha. Mtu aliyetendewa hivyo mara moja hujifunza kuficha. Ni vema basi washarika wajue kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu dhamana, iitwayo Magnuson-Moss, hairuhusu kwa kawaida kampuni kukataa dai kwa sababu tu kuna kifaa cha mtengenezaji mwingine; yapaswa ionyeshe kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Sheria hii inambeba mtu mkweli. Aliye na kisanduku, akapatwa na dirisha lisilofunga, hana haja ya kuogopa wala ya kukiri dirishani habari za turbo ambazo hakuulizwa. Hatumdai muumini atangaze kila alichonacho. Tunachomdai ni asichomoe kitu kwa kusudi la kumpotosha anayetakiwa kutoa hukumu juu ya kitu hichohicho.

Wengine watasema watengenezaji wa baadhi ya visanduku wenyewe hushauri kikichomolewa gari linapokwenda gereji, ili fundi alipime likiwa katika hali yake ya kawaida. Ushauri huo si mbaya. Chomoa, kisha sema kwamba kilikuwapo. Maneno matatu yanatosha: “Lilikuwa na kisanduku.” Ugumu wa kuyatamka hauko kwenye kinywa, uko kwenye bili ya dola elfu kadhaa inayoweza kufuata. Zaburi ya 15, inapomweleza mtu anayeweza kukaa karibu na Mungu, haikusahau kumtaja yule anayelishika neno lake hata linapomtia hasara. Waliotutungia zaburi hiyo walijua kwamba ukweli usiogharimu chochote haumpimi mtu.

Tunaogopa jambo jingine zaidi ya bili. Visanduku vingi haviuzwi kwa sifa ya nguvu peke yake. Vinasifiwa kwamba haviachi alama, kwamba vinatoka kwa dakika chache, kwamba hakuna atakayejua. Anayenunua kwa sababu hiyo ameshalipia kufichika kwake kabla injini haijawaka. Gehazi alipomkimbilia Naamani akachukua fedha na mavazi, alivificha nyumbani kwanza, ndipo akaenda kusimama mbele ya bwana wake Elisha na kusema hakwenda popote. Jibu lilikuwa limeandaliwa zamani. Mtu akizoea kuandaa jibu la kaunta, halikai kaunta tu. Litamfuata kwenye fomu ya bima, kwenye hesabu ya kodi, kwenye mazungumzo na mke wake kuhusu fedha ya mwezi.

Je, kama bili ikija na ndugu hana? Tumewahi kuchangishana kwa mambo madogo kuliko turbo, na hatuoni kwa nini mtu aliyesema kweli kwa hasara yake aachwe alipe peke yake wakati aliyenyamaza anaendesha gari lililotengenezwa bure. Hilo tunalisema kwa wazee wa usharika kuliko kwa vijana.

Limebaki la kuuza. Gari likiuzwa kabla dhamana haijaisha, mara nyingi sehemu iliyobaki huhamia kwa mnunuzi, na tangazo husema halijaguswa. Kisanduku huuzwa kando, kwa mtu mwingine. Mnunuzi wa gari kama hilo anaweza kuwa ndugu aliyefika nchi hii mwaka jana, anayehitaji chombo cha kumpeleka kazini zamu ya usiku, asiyejua turbo ni nini. Kwake hatuoni nafasi ya mjadala: aambiwe, ashushiwe bei, na risiti ya kisanduku iwekwe pamoja na karatasi za oili kwenye kidroo cha dashibodi, mahali fundi wake atakapoikuta.