Haki ya Sauti Wakati wa Maafa

Mnara wa simu una nafasi za kuhesabika. Siku za kawaida jambo hilo halitambulikani, kwa kuwa watu husema kwa zamu pasipo kujua kuwa wamo katika zamu. Siku ya maafa wote hunena pamoja, na mnara ulio mzima huwa kama uliovunjika. Mapenzi ndiyo yanayoziba njia: mama amtafuta mwana, mume amtafuta mke, na kila ashindwaye hurudia. Je, ni haki kumnyamazisha mmoja ili mwingine asikike?

London ililijibu swali hili kwa namna mbili katika siku moja. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yalilipuka katika treni tatu za chini ya ardhi na basi moja, wakauawa watu 52. Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kuwafungia raia mtandao na kuwaachia wenye simu zilizoandaliwa kwa kazi ya dharura. Wakuu walioongoza kazi ya jiji zima waliamua wasiutumie. Walichelea kuwatia watu hofu, wala hawakuwa na yakini kwamba simu hizo zimo mikononi mwa wanaostahiki. Hata hivyo, yapata adhuhuri, polisi wa City of London, ambao mamlaka yao ni kitovu cha jiji tu, waliitaka kampuni ya O2 iufunge mtandao wake kwa kilomita moja kuzunguka stesheni ya Aldgate. Ukafungwa kwa saa kadhaa.

Mwepesi wa hukumu atasema polisi walidhulumu. Si hivyo. Anayetokwa na damu ana dai kubwa kuliko aliye salama ofisini atakaye kusema kuwa yu salama. Lakini dai hilo ni la majeruhi. Mwokozi amelishika kama amana tu. Afungaye njia hana budi kuwa na hakika kwamba aliyeachiwa ndiye mwokozi, na hakika hiyo haikuwapo: hata wakuu wa magari ya wagonjwa walitegemea simu za mkononi, wakashindwa kupatana. Kamati ya London Assembly iliyochunguza siku ile, katika taarifa yake ya 2006, iliulaumu uamuzi huo kwa kutoka nje ya mapatano.

Tena yuko mama. Asipoambiwa kwamba njia imefungwa, kimya cha mwanawe hukisoma kama habari ya kifo, naye hupiga tena, na tena.