Mtendeli Ipi?

Mtendeli imefungwa mara mbili. Kambi ya kwanza iliwapokea Warundi waliokimbia vita vya miaka ya 1990. Januari 2016 ikafunguliwa tena kwa waliokimbia mgogoro wa 2015, na Desemba 2021 waliobaki wakahamishiwa Nduta. Je, zilikuwa kambi mbili, au moja iliyolala katikati? Hata wilaya haitusaidii. Kambi ya kwanza ilikuwa Kibondo. Ya pili ikawa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Ardhi haikusogea hata hatua moja.

Wanafalsafa wana kisa chao. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wasomi wakabishana kama bado ni ileile. Karne ya 17, Thomas Hobbes akalikaza fundo: vipi kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu na kuziunga upya? Merikebu zingekuwa mbili. Ipi ya Theseus?

Tuseme mama mmoja wa Mtendeli anaezua paa lake, anafunga miti kwa kamba, anapanda gari. Akifika Nduta anajenga kwa miti ileile. Huku nyuma kuta za udongo zinanyeshewa. Nyumba yake iko wapi? Ukifuata miti, iko Nduta. Ukifuata kuta na kiwanja, inayeyuka Mtendeli.

Wapo wanaojibu kwamba nyumba haikuwepo kamwe: palikuwa na miti na udongo uliopangwa kwa namna fulani, basi. Jibu hilo ni jepesi mno kwa asiyehamishwa. Kama nyumba haikuwepo, basi hakuna aliyebomolewa chochote.

Lijaribu jibu hilohilo makaburini. Panapoishi maelfu ya watu kwa miaka, hapakosi wa kuzikwa. Mwili umerudi udongoni. Sehemu zake hazishikamani tena. Bado mama huyo, akiwa Nduta, hasemi "udongo wangu uko Mtendeli." Anasema "mwanangu yuko Mtendeli." Nani atamsahihisha?

Sidai kwamba kila kitu kinashikiliwa na watu. Jiwe la mlimani halituhitaji ili liwe jiwe. Ila nyumba, kambi na kaburi haviungwi na udongo peke yake. Vinaungwa na kazi ya mikono na deni tulilo nalo kwa waliomo. Ndiyo maana kufunga kambi hakufanani na kufunga daftari. Tarehe inaweza kumaliza huduma na orodha ya majina. Deni haliishi kwa tarehe.

Kwa hiyo, anayeuliza kama Mtendeli bado ipo, kwanza aeleze anauliza kwa niaba ya nani. Kwa mwenye daftari, iliisha Desemba 2021. Kwa mama aliyeacha kaburi pale, haijaisha, na sioni kosa katika hesabu yake.