Je, Mtu wa Ndoa Aweza Kufaulu Peke Yake?



Kila Januari watu huandika malengo yao. Mume wa Kitale anaandika: mwaka huu nivune magunia 60, niongeze ekari moja. Mkewe, asiyejua kilichoandikwa, ana lake moyoni: binti amalize kidato cha nne bila kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka, na fedha ni zile zile. Lengo moja litatimia. Je, huyo ambaye lengo lake limetimia amefaulu kweli?

Kupanga si dhambi. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14, alimtaja mjenzi wa mnara ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Wapo wanaosema "Mungu atatoa" huku mbolea haijanunuliwa na mvua iko mlangoni. Hiyo mimi siiti imani. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1055, yaeleza ndoa kuwa ushirika wa maisha yote. Maisha yote, basi, pamoja na daftari la mauzo. Ukipanga peke yako umemfanya mwenzako kibarua wa ndoto yako, hata kama chakula hakikosekani nyumbani.

Utaniambia, "Mimi ni kichwa cha nyumba." Vema. Soma Waefeso 5 hadi mwisho uone kichwa hicho kilijitoa kwa ajili ya nani.

Kule Bungoma jambo hili lina uchungu zaidi. Miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi, na mara nyingi malipo yamechelewa. Mwanamume aliyejiambia, "Nitakuwa mtu siku nitakapolipwa," anaishi miezi yote hiyo akiwa si mtu machoni pake mwenyewe, na wanaoonja hasira yake ni mke na watoto. Malipo hayamo mikononi mwake. Kupalilia kumo, na kuzungumza kwa upole kumo.

Watazameni Watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa. Ujanani kila mmoja alitaka utawa akakataliwa. Wakafunga ndoa mwaka 1858. Mwaka 1870 Louis aliuza biashara yake ya saa ili asaidie kazi ya mkewe ya kutengeneza lesi. Sokoni kwetu angechekwa! Kati ya watoto wao tisa, wanne walikufa wakiwa wadogo. Mwaka 2015 Kanisa liliwatangaza watakatifu siku moja, mume na mke pamoja. Katika malengo yao ya ujana, hakuna aliyepata alilolitaka.

Basi ketini jioni moja kabla ya kununua mbegu, mkiwa na daftari moja. Kila mmoja aseme kwanza analoliogopa, ndipo aseme analolitaka. Hofu hufungua mioyo upesi kuliko ndoto. Fedha zisipotosha, ulizaneni ni lipi lisiloweza kungoja. Si lazima iwe karo kila mara, maana hata shamba la jirani huuzwa mara moja. Na wewe mama, usikubali haraka ili tu jioni iishe kwa amani. Kama hukubali, sema usiku huo huo, kabla gunia la kwanza halijauzwa.