Picha Safi ya Kukhu

Ukitaka kuanzisha ubishi Shianda, weka simu mbili mezani uulize ipi inapiga picha safi. Mmoja atataja megapikseli, mwingine atakuza picha kwa vidole mpaka ahesabu nyuzi za sweta. Mimi nilikuwa mmoja wao, hadi wiki tulipotafuta picha ya kukhu, nyanya yangu, ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi.

Tulikuwa na mbili. Ya kwanza aliipiga binamu yangu Krismasi kwa simu mpya: kukhu amefunga kitambaa cha kanisa, ngozi laini kama ya msichana wa sekondari. Kovu lake la kwenye paji la uso, la tangu utotoni, halikuwepo. Hakuna aliyelifuta, simu yenyewe iliamua. Ya pili niliipiga mimi kwa simu kuukuu, mwaka nilioacha chuo: anaanika mahindi, jua liko nyuma yake, picha imejaa chengachenga. Lakini kovu lipo, na ule mdomo wa kutaka kukutania upo.

Kijana wa duka la kuchapisha hakusita. "Hii ya kanisa ndiyo safi." Neno hilo likanikaa. Safi ni nzuri, sawa, lakini safi pia ni kitu kilichooshwa. Hapa kilichooshwa ni nini?

Kusema ukweli, kamera haijawahi kukosa upande. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Yeye akitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Watu weusi mara nyingi walitoka giza tupu, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Mwaka 2021 Google ilitoa Pixel 6 ikiwa na Real Tone, ya kurekebisha jambo hilo. Megapikseli nazo hazikuokoi: simu nyingi za megapikseli 50 huunganisha nukta nne kuwa moja, ukapata picha ya kama 12. Kazi kubwa inafanywa na programu iliyo ndani, na hiyo programu imebeba maoni ya mtu fulani kuhusu uso unaopendeza.

Nikamwendea shangazi na hoja zangu zote. Nikamwambia tunamzika kukhu, si msichana aliyetengenezwa na simu. Alinisikiliza huku akichambua mrenda, halafu akauliza, "Hiyo ya mahindi, ulimwomba?"

Sikumwomba. Nilimvizia. Ile ya kanisa aliitaka mwenyewe: alibadilisha nguo, akafunga kitambaa mara mbili, akaketi wima. Alipoonyeshwa alicheka, akasema wamemrudisha kwa mama yake, kisha akaagiza isifutwe.

Hapo nilikwama, na bado nimekwama kidogo. Naamini mtu ana haki ya kuchagua atakavyokumbukwa. Lakini kukhu alichagua nguo na mkao. Kovu hakuchagua kulifuta. Simu ilimlainisha bila kumuuliza, na mimi nilimpiga picha bila kumuuliza. Kosa letu ni moja.

Kijitabu kilitoka na picha ya kanisa. Siku ya mazishi wazee wawili waliigeuza huku na huku, mmoja akauliza kama huyu ni bintiye marehemu. Shangazi akawaonyesha kitambaa: "Tazameni alivyofunga." Wakamtambua kwa fundo.

Siku hizi ukiniuliza simu gani ina kamera poa, siangalii tangazo. Zima kwanza ile sehemu ya kulainisha ngozi. Mwombe mtu unayemjua vizuri umpige, jioni, jikoni, hata moshi ukiwepo. Kisha mpe simu ajiangalie, na wewe unyamaze. Akiuliza "huyu ni nani?", basi simu hiyo bado hujaipatia.