Ukingo wa Dari na Basi la Ijumaa

Soma Kutoka 21:28, 29 na Kumbukumbu la Torati 22:8. Nani anadaiwa kifo ambacho hakuna aliyekikusudia?

Katika Kutoka, ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenye ng'ombe huachiliwa. Lakini kama ng'ombe huyo amezoea kupiga, na mwenyewe ameonywa, naye asimfunge, shauri hugeuka: anadaiwa damu. Hakumgusa mtu. Alijua, akaacha. Kumbukumbu la Torati linakwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba anaagizwa kujenga ukingo darini kabla mtu yeyote hajaanguka. Wala hawezi kujitetea kwamba aliyeanguka alipaswa kuangalia anapokanyaga.

Sisi hatuketi darini, tunapanda mabasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Tusikiapo habari ya ajali tunamtafuta dereva, na mara nyingi kweli ana kosa. Lakini yuko pia fundi aliyesema breki zitavumilia hadi Jumatatu, na tajiri aliyempangia dereva safari ya pili kabla hajalala. Na yuko abiria.

Abiria huyo nimewahi kuwa mimi. Ijumaa moja tulikuwa waumini saba ndani ya basi, tukitoka Dar es Salaam kwenda makambi Same. Basi likaharibika Chalinze, tukapoteza saa mbili. Tulipopita Korogwe jua lilikwisha kuinama. Nikainuka, mimi mzee wa kanisa, nikamwendea dereva: "Ndugu yangu, Sabato itatukuta njiani. Kanyaga kidogo." Akakanyaga. Sheria yetu hairuhusu basi kuzidi kilomita 80 kwa saa, sikutazama mshale. Mbele ya Mombo akalipita lori kwenye kona, na bodaboda iliyobeba mama na mtoto ikatupwa majanini. Konda alichungulia nyuma akasema wameinuka. Hatukusimama. Tulifika jua halijazama, tukafungua Sabato kwa wimbo.

Je, niliitunza Sabato ile? Aliyeandika amri ya nne ndiye aliyeandika ya sita, tena juu ya mawe yale yale. Unaweza kuniambia kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa dereva, naye angeweza kukataa. Ndiyo, angeweza. Lakini hatia si mkate, kwamba wakila wengi kila mmoja hupata kipande kidogo. Dereva ana yake nzima, nami nina yangu nzima.

Dawa ilikuwa kusafiri Alhamisi. Ndiyo maana ya kuwa na siku ya maandalio. Na kwa kuwa basi liliharibika, ningeweza kuipokea Sabato kitini pangu kwa sala ya kimya. Sidhani Bwana angeikataa.

Jadilini darasani: Kanisa lenu likikodi basi la makambi mwaka huu, ni nani aliyetumwa kumwuliza dereva alilala saa ngapi? Naye akijibu kwamba hakulala, mtafanya nini, wakati watu wamekwisha kupanda na nauli zimelipwa?