Kadiri ya Zawadi

Siku ya Krismasi, 25 Desemba, humkuta mzazi katika njia panda. Mbele yake yuko mtoto atazamiaye nguo mpya. Nyuma ya mtoto umesimama mwezi wa Januari, ambao katika Kenya huja na karo, sare na vitabu. Dhiki yake hujulikana sana hata watu wameubandika jina la utani, Njaanuari. Je, mzazi atumie kiasi gani?

Wako wasemao kuwa furaha ya mtoto haipimwi kwa fedha. Ni kweli, lakini zawadi hununuliwa kwa fedha, na fedha hutoka mfukoni mwa mtu. Mzazi akikopa ili anunue viatu vya kumeremeta, kisha mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, zawadi hiyo imemgharimu mtoto mwenyewe.

Wengine hunena, basi asitoe kitu. Hilo nalo si jema. Utoto haurudi, na mtoto anayesahauliwa siku wenzake wanapopewa huona uchungu usiopoa upesi.

Kadiri iliyo njema ni kutoa kile ambacho hakiachi deni nyuma yake. Wahenga walisema: jikune ujipatapo, tena walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nawe mwanafunzi una sehemu yako. Ni vigumu kwa mzazi kutamka "sina" mbele ya mwanawe. Pima ombi lako kwa uwezo wake kabla hujalitoa, nawe utakuwa umempa zawadi.