Kuona Hakutoshi

Zamani, kabla maji hayajaingia majumbani, mtaani kwetu tulichota kwenye bomba moja la umma. Kila ndoo kwenye foleni ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Siku ndoo ya bibi fulani isipoonekana, akina mama waliulizana, "Bibi leo hajaja?" Kabla foleni haijakwisha, mmoja wao alikuwa ameshakwenda kumgongea mlango. Hatukujua kwamba tulikuwa tukiangalia afya ya mzee kwa maji.

Leo kazi hiyo hufanywa na mitambo. Huko Japani, ambako wazee wengi huishi peke yao, kampuni ya Zojirushi ilianza mwaka 2001 kutoa huduma ya birika la umeme linalomjulisha mtoto aliye mbali, kwa barua pepe, kama mzazi wake amechota maji ya chai. Mita za maji za kisasa nazo huonyesha saa kwa saa jinsi maji yanavyotumika. Bomba lisipofunguliwa tangu jana, huenda mzee ameanguka. Maji ya chooni yakitumika usiku kupita kawaida yake, huenda anaugua kisukari au maradhi ya mkojo.

Je, ni vema? Wapo wanaosema kumfuatilia mzazi mpaka chooni ni kumvunjia heshima. Hoja hiyo ina uzito. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikomi wanapozeeka. Basi mzazi aulizwe kwanza, naye aseme nani aone na nani asione. Lakini mzee anayelala sakafuni siku mbili bila msaada, heshima yake imelindwaje? Kwa hiyo siikatai mita. Ninachohofia ni kwamba tukishaona, tutaridhika.

Mama yangu yuko kijijini. Kila mwezi humtumia fedha kwa simu, na ujumbe ukithibitisha zimefika, nilikuwa nikisema moyoni, "Mama hajambo." Krismasi moja nilikwenda nyumbani, nikakuta kwa miezi kadhaa amekuwa akimtuma mtoto wa jirani kwa wakala. Miguu yake ilikuwa haimfikishi tena. Nilipomwuliza mbona hakuniambia, alijibu, "Hukuniuliza, mwanangu." Ujumbe ule haukunidanganya. Ulisema fedha zimefika. Hayo mengine niliyaongeza mimi.

Katika Luka sura ya 10, kuhani alimwona yule mtu aliyejeruhiwa. Mlawi naye alimwona. Msamaria hakuwazidi kwa macho. Aliwazidi kwa kuwa alimsogelea. Na katika Mwanzo sura ya 16, Hajiri alipokuwa peke yake jangwani karibu na chemchemi, malaika wa Bwana alimkuta hapo, akamwita kwa jina, akamwuliza atokako na aendako. Baada ya hayo ndipo Hajiri alipomwita Mungu kuwa ndiye amwonaye.

Ndugu msomaji, ukiweza kumwekea mzazi wako kifaa cha namna hiyo, naye akiridhia, mwekee. Ila kabla ya kukifunga, amua kwanza nani atakwenda siku kitakapotoa taarifa. Nasi katika jumuiya zetu, Jumapili hii tutazame viti: mzee gani hajaonekana? Ibada ikiisha, twende tukamgongee mlango.